Mashahidi Waliokaa Chumba Kimoja

Najua nimeadimika. Kazi za gazetini mnazijua: ukimaliza kikao cha madiwani unakimbizwa kwenye ajali, ukitoka kwenye ajali mhariri anataka bei ya mahindi kabla ya saa kumi. Leo nimepata upenyo, na nataka tuongelee jambo ambalo wengi wenu mtalikimbia mkisikia jina lake: majaribio ya programu za kompyuta. Na hasa ule mtindo wa majaribio mengi kutumia data moja, iliyoandaliwa mara moja na kuhifadhiwa.

Subirini kwanza, msikimbie! Ndani yake kuna maji, kuna vitunguu, na kuna mama mmoja wa Kahe aliyelipa hela yake halali halafu akanyimwa maji. Kuna pia swali ambalo limenisumbua mimi mwandishi wa habari kuliko nilivyotegemea: ushahidi kumi ni kumi kweli wakati gani, na wakati gani ni ushahidi mmoja uliobadilisha mashati?

Kwa wasiopajua Kahe, ni uwanda ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, kusini mashariki mwa mji wa Moshi. Unashuka kutoka migombani, baridi inabaki nyuma yako, vumbi na joto vinakupokea. Wazee wa reli wanaijua kama njia panda: hapo ndipo reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911 enzi za Wajerumani, inapokutana na ile ya kutoka Voi kupitia Taveta, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini ukikaa na wakulima hutasikia habari za reli. Utasikia habari za maji. Mvua peke yake haitoshi. Kinachoendesha maisha ni chemchemi kama Miwaleni, mito na mifereji. Kule mlimani Wachaga wanauita mfereji mfongo, na dimbwi la kukusanyia maji ya usiku ili yatumike mchana wanaliita nduwa. Juu au chini, sheria ni ileile: maji ni ya zamu. Zamu yako ikikupita, jua halikusubiri.

Sasa, nina binamu yangu anayeishi Moshi mjini. Mimi chuoni nilisoma uandishi wa habari, yeye alisoma kompyuta. Alitengeneza programu ndogo kwa ajili ya kikundi kimoja cha wamwagiliaji wa kule uwandani. Kikundi sitakitaja, hakuna haja. Programu ina orodha ya wakulima, mashamba yao, ada ya msimu, faini na malipo. Siku moja kabla ya zamu inatoa karatasi: nani anapata maji kesho, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Anayedaiwa hayumo kwenye karatasi. Ni utaratibu rahisi, na mkali kidogo, lakini wanakikundi wenyewe ndio walioupitisha.

Mwanzoni watu walilipa taslimu, na karani akaingiza kwa mkono. Baadaye wakaongeza malipo kwa simu. Huyo mama alilipa ada yake kwa simu wiki mbili kabla ya zamu. Siku ya zamu, jina halipo. Vitunguu vyake ndio kwanza vinaanza kujaza, wakati ambao vikikosa maji unavuna vitu vidogo kama kete. Alipompata binamu yangu kwenye simu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, hela mlipokea, ujumbe ninao hapa mkononi. Sasa maji yangu yako wapi?"

Binamu alifungua mashine yake. Malipo yalikuwepo, tarehe ipo, kiasi kipo. Lakini deni la mama lilikuwa bado limesimama palepale. Programu ilipokea hela, ikaiandika kwenye orodha ya malipo, halafu haikupunguza deni.

Hitilafu za namna hiyo zinatokea kila siku, na kama ingeishia hapo nisingeandika. Kilichonifanya nikae na binamu mpaka usiku ni hiki: programu ile ilikuwa na jaribio la jambo hilohilo. Limeandikwa waziwazi kabisa: mkulima akilipa ada yote kwa simu, deni liwe sifuri. Na jaribio lilikuwa linapita. Kila siku kijani.

"Kaka, jaribio lipo," aliniambia, uso umemshuka. "Linapita. Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Kweli, kijani tupu.

Hebu nieleze kwa wale ambao hawajawahi kuona kitu hiki. Jaribio la kiotomatiki ni programu ndogo inayoihoji programu kubwa. Unaiandikia: tengeneza mkulima anayedaiwa shilingi 20,000, mpokelee malipo ya 20,000, halafu niambie deni limebaki kiasi gani. Jibu likiwa sifuri, kijani. Likiwa kingine chochote, nyekundu. Mtengeneza programu makini anakuwa na maswali ya namna hiyo mamia, na kila akibadilisha mstari mmoja anayaendesha yote kabla ya kupeleka kazi kwa watu.

Binamu anatumia lugha ya Ruby na chombo kinachoitwa RSpec. Humo kila swali linaitwa mfano. Na kila mfano unahitaji data ya kuchezea: mkulima wa kubuni, shamba la kubuni, msimu wa kubuni. Hapo ndipo mjadala wetu unapoanzia, kwa sababu kuandaa data hizo kunakula muda. Tuseme kumwandaa mkulima mmoja na mashamba yake kwenye hifadhidata kunachukua nusu sekunde. Majaribio yakiwa 300, hizo ni sekunde 150, dakika mbili na nusu za kusubiri kila ukigusa kitu. Watu wanachoka. Wakichoka wanaacha kuyaendesha majaribio, na jaribio lisiloendeshwa halimsaidii mtu.

Kwa hiyo inakuja hamu ya kuandaa mara moja na kukumbuka. Wataalamu wana neno lake, na lina historia. Mwaka 1968 Donald Michie, mwanasayansi wa Edinburgh ambaye wakati wa Vita vya Pili alikuwa miongoni mwa wavunja siri wa Bletchley Park, alichapisha makala katika jarida la Nature kuhusu kile alichokiita "memo". Hoja yake ilikuwa kwamba mashine ikishakokotoa jibu iliandike mahali, na ikiulizwa tena isome tu, isikokotoe upya.

Sisi waandishi tunalijua jambo hili vizuri. Ukipiga simu asubuhi kuuliza bei ya gunia la mahindi pale Kiboriloni, unaandika kwenye daftari. Ukiihitaji tena katika aya ya tano, hupigi simu nyingine, unaangalia daftari. Lakini kesho, habari nyingine, unapiga tena. Bei ya jana haiingii kwenye habari ya leo bila kuulizwa. Daftari linakuokoa ndani ya habari moja. Likivuka kwenda habari nyingine, linaweza kukuchoma.

RSpec ina neno dogo, let, linalofanya hivyo hasa. Ukiandika let na kumpa mkulima jina, mkulima huyo anatengenezwa mara ya kwanza jina lake linapotajwa ndani ya mfano. Ukimtaja mara kumi ndani ya mfano uleule, unapewa yuleyule. Mfano ukiisha, anasahauliwa. Mfano unaofuata unaanza na mkulima mpya, deni lake halijaguswa na mtu. Yaani kumbukumbu inaishi ndani ya mfano mmoja na haivuki mpaka.

(Tahadhari ndogo kwa wenye fani: let ni mvivu. Usipomtaja mkulima hatengenezwi kabisa. Ukiandika jaribio la kuhesabu wadaiwa wote bila kumtaja hata mmoja, utapata sifuri, na utaanza kuilaumu hesabu yako. Ndiyo maana ipo ndugu yake yenye alama ya mshangao, let!, ambayo inamtengeneza mkulima kabla ya kila mfano, utake usitake.)

Ipo na njia nyingine, before :all. Hiyo inaendeshwa mara moja tu kwa kundi zima la mifano. Unamtengeneza mkulima mmoja, unamweka mahali, na mifano yote ya kundi inamtumia. Haraka mno! Binamu alifanya hivyo ili kuokoa muda, na muda kweli uliokoka.

Sasa fuateni hatua kwa hatua. Mkulima wa kubuni anaanza na deni la 20,000. Mfano wa kwanza katika faili unauliza: kamati ikimsamehe mkulima, deni linakuwa sifuri? Programu inasamehe, deni sifuri, kijani, halali kabisa. Mfano wa pili unauliza: mkulima akilipa 20,000 kwa simu, deni linakuwa sifuri? Programu inapokea hela, haigusi deni, halafu jaribio linaangalia deni... sifuri! Kwa nini? Kwa sababu mkulima ni yuleyule aliyesamehewa muda mfupi uliopita. Kijani.

Nilimwambia binamu aendeshe huo mfano wa pili peke yake. Nyekundu. Akauendesha pamoja na wenzake. Kijani. Peke yake, nyekundu. Alikaa kimya muda mrefu.

Kuna jambo lilimchanganya zaidi, na ni la kujifunza. Yeye alikuwa anaamini amejilinda, kwa sababu kila mfano ulifungiwa ndani ya muamala wa hifadhidata: mfano ukiisha, muamala unabatilishwa na hifadhidata inarudi ilivyokuwa. Ni kweli, hifadhidata ilirudi. Lakini mkulima aliyeshikwa na before :all alikuwa pia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na huko hakuna aliyembatilisha. RSpec inaupa kila mfano kielekezi cha kitu kilekile, haitengenezi nakala yake mpya. Kwa hiyo kwenye hifadhidata deni lilikuwa 20,000, na mkononi mwa jaribio lilikuwa sifuri. Jaribio likasoma cha mkononi.

Hapa ndipo mimi niliposikia habari ninayoifahamu. Mahakamani shahidi anayesubiri zamu yake hakai ndani kumsikiliza mwenzake. Anasubiri nje. Nimeripoti kesi za kutosha kujua kwa nini. Shahidi wa pili akishamsikia wa kwanza, maneno yake hayana tena uzito uleule, hata kama ni mkweli. Mahakama inataka kujua yeye aliona nini kwa macho yake.

Na kwetu gazetini ni hivyohivyo. Magazeti matatu yakiandika kwamba daraja limekatika, msomaji anadhani ana uthibitisho mara tatu. Ukichunguza unakuta yote matatu yamenukuu mtu mmoja aliyepiga simu moja. Hapo uthibitisho ni mmoja tu, na kama mtu yule alikosea, tumekosea wote kwa pamoja na kwa kujiamini sana.

Kwa mtazamo wangu, hilo ndilo tatizo lenyewe. Watu wakizungumzia data ya pamoja kwenye majaribio wanazungumzia kasi, au usafi wa msimbo. Mimi naona ni suala la ushahidi. Jaribio lina thamani kwa sababu "ndiyo" yake ni yake mwenyewe. Likishachukua kitu kilichoachwa na jaribio la kabla yake, "ndiyo" hiyo haitoki tena kwenye programu, inatoka kwa jirani. Na mbaya zaidi, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kijani ni kijani.

Wazee wa fani waliliona hili zamani. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, waliandika JUnit, chombo cha majaribio cha lugha ya Java kilichokuja kuigwa na lugha nyingi. Ndani yake kila jaribio linapewa kitu kipya cha darasa lake, hata kama yako kumi katika faili moja. Vilivyohifadhiwa humo na jaribio la kwanza havimfikii wa pili. Mwaka 2007 Gerard Meszaros akatoa kitabu kizima kuhusu mitindo ya majaribio, xUnit Test Patterns, na humo majaribio yanayoathiriana kupitia data ya pamoja yamepewa jina na kuelezwa kama ugonjwa unaojulikana.

Mtaniuliza: basi tusishirikishe data kabisa? Hapana, na mfano mzuri hauko mbali, uko hapo kwa jirani.

Wengi mmesikia habari za OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. Mizizi yake iko magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi walipoongezeka, ikaonekana mfumo ule hautaubeba mzigo. Kuanzia 2004 wazo la OpenMRS likaundwa, na mwaka 2006 ukaanza kufanya kazi Eldoret, kisha Rwanda mwaka huohuo. Leo unatumika katika nchi nyingi.

Msimbo wa OpenMRS uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, na binamu alinifungulia usiku ule. Majaribio yake mengi yanatumia faili moja la data, standardTestDataset. Ndani yake kuna wagonjwa wa kubuni, kliniki za kubuni, dawa na vipimo. Mmoja wa wagonjwa ameitwa Horatio Hornblower, yule nahodha wa riwaya za Kiingereza, na yuko orodha moja na wagonjwa wenye majina ya kwetu Afrika Mashariki! Kulipakia faili hilo upya kwa kila jaribio kungekuwa mateso. Basi wakafanya hivi: darasa mama la majaribio lina alama ndogo inayokumbuka kama data ya msingi imeshapakiwa. Kama bado, inapakiwa kwenye hifadhidata iliyo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Kama tayari, haipakiwi tena. Halafu kila jaribio linaendeshwa ndani ya muamala unaobatilishwa mwishoni, na kumbukumbu za muda za kipindi hicho zinasafishwa. Jaribio linalofuata linamkuta Hornblower kama alivyoandikwa kwenye faili, bila alama ya aliyepita.

Mnaona tofauti? Wanashirikiana maandalizi, hawashirikiani masalia. Ni kama mfereji. Mfereji tunauchimba pamoja, tunausafisha pamoja, hakuna anayechimba wa kwake kuanzia mtoni. Lakini zamu yako ikiisha unarudisha mlango wa maji ulivyoukuta. Ukiuacha umegeuzwa, anayekufuata atakuta shamba limelowa kabla hajafungua maji, ataandika "nimemwagilia", na atakwenda nyumbani.

Faili kubwa la pamoja nalo lina gharama zake, tusidanganyane. Jaribio likisema "mgonjwa namba 2 awe na utambulisho fulani", msomaji haoni utambulisho huo umetoka wapi mpaka afungue faili jingine lenye mistari mingi. Na ukimwongeza mgonjwa mmoja kwa ajili ya jaribio lako, jaribio la mtu mwingine linalohesabu wagonjwa wote linavunjika bila kosa lake. Kadiri wanaotegemea faili wanavyozidi, ndivyo watu wanavyoogopa kuligusa.

Kwa watumiaji wa Ruby kuna njia ya kati. Mkusanyiko wa zana uitwao TestProf una let_it_be, ambayo inatengeneza data mara moja kwa kundi, inaifungia ndani ya muamala wa kundi zima, na kila mfano unabatilisha ya kwake. Waliouandika waliujua mtego uliomkamata binamu yangu, ule wa kitu kilichobaki kwenye kumbukumbu, wakaweka njia za kujikinga: unaweza kuagiza kitu kisomwe upya kutoka hifadhidata kabla ya kila mfano, au kigandishwe ili anayejaribu kukibadilisha agome palepale. Wa Python nao wana pytest, ambako unatamka mwenyewe data iishi muda gani: mfano mmoja, darasa, faili, au kipindi kizima. Usipotamka, ni mfano mmoja. Napenda hilo. Asiyesema kitu anapewa njia salama, anayetaka kushirikisha ni lazima aandike.

Binamu alifanya nini? Mambo manne, na hayakumaliza hata siku mbili.

La kwanza, mkulima alihamishiwa kwenye let. Kila mfano na mkulima wake.

La pili, vitu visivyobadilika, yaani kalenda ya zamu, orodha ya mifereji na viwango vya ada, vilibaki vya pamoja, lakini vimegandishwa. Jaribio likithubutu kuvibadilisha linaanguka hapohapo na kusema ni mstari gani. Kumbe ndivyo vilivyokuwa vinakula muda zaidi, si mkulima! Kwa hiyo kasi haikupotea sana.

La tatu, alichanganya mpangilio. RSpec inaweza kuendesha mifano kwa mpangilio wa bahati nasibu, lakini ni lazima uiagize. Kila ikichanganya inakupa namba, na kwa namba hiyo unaweza kuurudia mpangilio uleule ulioleta nyekundu. Majaribio yaliyokuwa yanabebana yanaumbuka.

La nne, kwa yale yaliyoanguka baada ya kuchanganywa alitumia bisect, amri iliyoingia katika RSpec 3.3 mwaka 2015. Inagawa majaribio makundi kwa makundi mpaka inakuambia: huyu anaanguka kwa sababu ya yule. Ilimpata mmoja zaidi. Jaribio la faini ya kuchelewa lilikuwa linapita kwa kutegemea tarehe iliyobadilishwa na jaribio jingine. Hiyo haikuwa imemuumiza mtu, bado.

Baada ya hapo jaribio la malipo kwa simu likawa jekundu, kama lilivyotakiwa kuwa tangu siku ya kwanza. Na kurekebisha programu yenyewe? Mistari miwili.

Mama alipewa zamu ya usiku siku nne baadaye, baada ya mkulima mwenzake kukubali kugawana naye. Sehemu ya juu ya shamba, ile ya mbali na mfereji, ilikuwa imeshaungua. Ya chini ilipona. Binamu alikwenda mwenyewe kumweleza, na mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja: "Na wengine waliolipa kwa simu umewaangalia?" Walikuwepo sita. Zamu zao zilikuwa hazijafika.

Sita hao ndio wananifanya nisiliite hili suala la wataalamu peke yao. Siku hizi karatasi ya zamu inatoka kwenye kompyuta, mkopo wa kikundi unakokotolewa na kompyuta, hata foleni ya hospitali. Sisi waandishi tukiuliza kama mfumo umejaribiwa, tunajibiwa "ndiyo, majaribio yote yamepita", tunaandika hivyo, tunaondoka. Mimi nimeongeza maswali mawili kwenye daftari langu. Kila jaribio likiendeshwa peke yake linapita? Yote yakichanganywa mpangilio, bado yanapita? Huhitaji kujua Ruby kuuliza hayo, na jibu la kusitasita nalo ni habari.

Nyie wadau mnaotengeneza programu, Dar, Arusha, Nairobi, popote mlipo, jaribuni kuchanganya ya kwenu usiku wa leo kabla ya kulala. Halafu mniambie mmekuta nini.